Tangi la Bwana Samaki

Kabla sijaliona tangi lenyewe, nilisikia mtu akisukutua. Nilikuwa nimekaa barazani, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango wa bohari, nikimsubiri mama amalize kupiga deki ofisini. Huko ndani mtu alikuwa akisukutua bila kuchoka: maji kinywani, pumzi, maji, pumzi. Niliijua sauti hiyo, ndivyo afanyavyo mtu akitia udhu. Lakini mwenye kutia udhu husukutua mara tatu akatema, na huyu alikuwa hatemi. Nikamhesabia mara tatu, mara kumi, mara hamsini, mpaka nikamwonea huruma. Nikadhani ni mtu mwenye dhambi nyingi sana.

Sauti hiyo imenirudia juzi, mjini, katika chumba cha kusubiri cha daktari wa meno. Nilicheka kabla sijageuza kichwa, na mgonjwa aliyekaa pembeni yangu akasogeza kiti. Nyuma yangu palikuwa na tangi la kioo, samaki wawili wa rangi, na mashine ya umeme ikiwapulizia hewa. Ninyi wa rika langu, mliokimbia mchakamchaka alfajiri na kumwita kila mtu ndugu, mtanisamehe nikisema kwamba niliondoka na jino langu bovu, nikaja nyumbani kuandika habari za mama.

Siku ile mama alifungua mlango wa bohari akanisukuma ndani kwa kiganja chenye maji ya deki. Hakukuwa na mwenye dhambi. Palikuwa na vioo vinne ndani ya fremu ya chuma, tangi lenye ukubwa wa kitanda cha mtoto, na ndani yake kipande cha bahari kikiwa kimesimama wima. Sakafuni kulikuwa na mpira wa ndani wa tairi la lori, umejazwa upepo kwa pampu ya baiskeli, na mrija mwembamba ulioupeleka upepo huo taratibu hadi chini ya maji. Ndio uliokuwa ukisukutua. Asubuhi mama aliujaza upepo, jioni akaujaza mlinzi wa ofisi, na bahari ile ikaendelea kupumua.

Tangi lilikuwa la Bwana Samaki. Ndivyo Kilindoni yote, mji wetu wa kisiwani, ilivyomwita afisa wa uvuvi. Alitoka bara, kandokando ya ziwa, Mkristo mrefu mwenye viatu vilivyong'arishwa kila asubuhi na kuchafuliwa na mchanga wetu kabla ya saa mbili. Siku hizo watu walikuwa wakipiga baruti mwambani ili kuvua samaki, na yeye alichoka kuhutubia. Mvuvi humjua samaki aliyekufa, alisema, lakini ni mara ngapi amekaa kitako akamtazama aliye hai? Basi akaweka humo matumbawe, kiti cha pweza chekundu, kiumbe cha umbo la nyota, vitatange watatu wa manjano, chewa mdogo aliyejificha kutwa nzima, na bunju mmoja mnene mwenye macho ya mtu anayekudai. Wanafunzi walikuja kwa mistari. Wavuvi waliofuata leseni walibaki saa nzima wamechuchumaa mbele ya kioo, wakinong'ona kama wako msikitini.

Mama alikuwa mfagiaji wa ofisi hiyo. Kabla ya kushika ufagio alikuwa mchokoaji wa pweza, mmoja wa wale wanawake wanaofuata maji yakitoka, fimbo mkononi, wakitazama mashimo ya mwamba. Baba alipofariki ndipo alipotafuta kazi ya mshahara, ili mimi nivae sare na nisome. Lakini bahari haikumtoka. Ni yeye aliyemwambia Bwana Samaki asichote maji ya gatini yenye mafuta ya boti, achote nje ya mwamba, maji yakiwa yamejaa na kutulia. Bwana Samaki aliandika maneno hayo katika daftari. Nilimwona akiyaandika, maneno ya mama yangu, kwa kalamu ya wino.

Mwezi mzima wa Shaabani maji yale yalikuwa safi kiasi kwamba, ukisimama mlangoni, ungeweza kusoma kupitia tangi herufi za kalenda iliyobandikwa ukutani nyuma yake. Kisha mwezi ukaandama, tukaanza kufunga.

Mwaka huo niliapa kufunga kutwa nzima, si mpaka adhuhuri kama watoto. Nililitangazia darasa zima. Siku ya tano nilirudi kutoka shuleni na koo limekauka kama ganda la nazi. Nyumba ilikuwa kimya. Mtungi ulikuwa nyuma ya mlango, umetoa jasho ubavuni. Nilikunywa kata moja, nikanywa ya pili, nikafuta mdomo, nikatoka nje kwenda kuwa na saumu.

Kesho yake asubuhi tangi lilikuwa jeupe. Si chafu, jeupe, kama maji ya kuoshea mchele. Samaki walikuwa vivuli. Bunju alikuja mpaka kwenye kioo ndipo ukamwona, akatazama, akapotea tena. Kalenda haikuonekana kabisa. Na mimi, niliyesimama pale na daftari zangu kabla ya kwenda madrasa, nilijua mara moja sababu yake. Mungu alikuwa ameiandika siri yangu mahali ambapo kila mtu angeiona.

Bwana Samaki alimwita mama barazani. Walikuwapo karani, wavuvi wawili waliokuja na karatasi zao, na wauza muhogo waliopita wakasimama.

"Umetia sabuni mle ndani ya tangi?"

"Sijatia, bwana."

"Nani mwingine anaingia mle na ndoo?"

"Mwenye ndoo ni mimi tu."

"Basi!" Akawageukia watu. "Ndugu zangu, mnaona? Hii ni mali ya umma. Hii ni hujuma."

"Mwanahawa," mvuvi mmoja akasema, "au umewafulia samaki kanzu za Idi?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Aliuhamisha ufagio kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, polepole, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala.

"Ijumaa ijayo wanakuja wakubwa kwa ndege kuliona tangi hili," Bwana Samaki akasema. "Leo ni Jumamosi. Nitayamwaga haya maji yote niweke mapya, na wewe, mama, utafute kazi kwingine."

"Ukiwabadilishia yote kwa mara moja watakufa. Ijumaa utawaonyesha wakubwa mizoga." Sauti yake haikupanda. "Nipe mpaka Alhamisi asubuhi. Yasipotakata, nitakukabidhi ufagio wako mwenyewe."

Bwana Samaki alitazama viatu vyake. Akasema haya, mpaka Alhamisi.

Sikuwahi kumwona mama akifikiri kwa mikono kama siku zile. Alichukua chupa tatu za jamu akaziosha kwa maji ya bahari. Ya kwanza akaijaza maji ya tangi, akaiweka dirishani. "Kama ni mchanga, mpaka adhuhuri utakuwa umekaa chini." Ya pili akaijaza vilevile, akaifunga na kuitikisa. "Kama ni sabuni, povu litasimama." Ya tatu akaijaza maji mapya ya nje ya mwamba, akatia kijiwe cha tumbawe kutoka mle ndani. "Kama kuna kilichokufa kwenye mawe, na haya yatafuata."

Adhuhuri, chupa ya kwanza ilikuwa nyeupe vilevile, juu mpaka chini. Katika ya pili povu lilipanda kidogo likafa. Ya tatu, kesho yake, ilikuwa safi kama hewa. Mama alizitazama chupa zile kama alivyokuwa akitazama mashimo ya mwamba, akijua lipi lina pweza na lipi limeachwa.

"Si mchanga, si sabuni, si mawe," akasema. "Basi kimetoka juu."

Akachukua ukurasa wa gazeti la zamani, akaulaza juu ya maji, akauvuta taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, akauanika juani. Ulipokauka akaunyanyua mbele ya dirisha. Mwanga ulipita katika mabaka makubwa, kama unavyopita katika karatasi iliyofungiwa maandazi.

"Mafuta," akasema. "Sasa ya nini? Ya taa? Ya samaki?" Alinusa, akatikisa kichwa, maji yale yalikwishaanza kunuka, na uvundo ulifunika kila kitu. Akanigeukia. "Njoo. Toa ulimi."

"Nimefunga, Mama."

Alilikunja gazeti. "Ijumaa ulifunga mpaka saa ngapi?"

Nikajifanya nazihesabu chupa za dirishani.

"Kata niliiacha imefunikwa juu ya mtungi. Nikaikuta imelala chali kama mlevi. Na leo?"

"Leo... pia."

Ndipo nikaangua kilio. Nikamwambia yote: kwamba ni mimi niliyeyafanya meupe, kwamba atafukuzwa kazi kwa ajili ya kata mbili za maji, kwamba nimwendee Bwana Samaki nimweleze. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumamosi, akajishika kiuno.

"Mungu aache mbingu yake yote, aje akuandike wewe kwenye tangi la serikali?" Akanipangusa kamasi kwa pindo la khanga. "Siku zile utazilipa. Kwa sasa mimi nina saumu, siwezi kuonja, na wewe huna. Ulimi wako ndio wa kazi. Ncha tu, kisha uteme."

Niligusa maji yale kwa ncha ya ulimi. Chumvi, kisha kitu kibaya, na nyuma ya kibaya hicho kitu nilichokijua tangu sijajua kusema.

"Mama, haya maji yana nazi."

Mama alianza kuhesabu kwa vidole, akirudi nyuma siku kwa siku, mpaka akafika usiku wa kuandama mwezi. Hapo kidole kikasimama. Bwana Samaki hakuwa na sababu ya kuhesabu mwezi ule, kwa kuwa hakufunga.

Jioni tulikwenda ofisini na bakuli la uji, mama akisema ni futari ya mlinzi. Mlinzi alikuwa Mzee Mbwana, mjane wa miaka mingi, na majirani wote walimletea sahani kwa kuwa hakuruhusiwa kuacha lindo. Alikuwa amekaa boharini juu ya kreti, sahani magotini: tende, muhogo wa nazi, magimbi ya nazi. Hakutuona mlangoni. Adhana ilipotoka, akasema bismillahi, akaipasua tende, kisha akageukia kioo.

"Karibuni," akasema.

Bunju alikuwa wa kwanza kufika. Akakigusa kioo kwa mdomo, akaufungua, akaufunga, akaufungua. Mzee Mbwana akadondosha nusu ya tende majini, na kokwa yake. Kisha kipande cha muhogo unaotiririka tui.

"Polepole wewe mwenye tumbo! Wenzako hawajapata. Nyie wa manjano, sogeeni, msione haya. Chukueni, jamani, chukueni."

Mama alinivuta bega, tukaliacha bakuli barazani, tukaondoka. Njiani nikamuuliza mbona hakumwambia.

"Mtu amefunga kutwa, tende iko mdomoni, nimwambie anaua? Mwache ameze kwanza."

Alimwambia asubuhi, mzee akikabidhi lindo.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu Mwanahawa. Uji ule ulikuwa na pilipili manga ya kutosha, Mungu akubariki."

"Ami, wale wageni wako wanaumwa."

Mzee alikaa chini kwenye ngazi. "Umeniona?"

"Nimekuona. Nazi yetu inaoza mle ndani, inawanyima pumzi."

"Mimi nikadhani wanafurahi. Yule mwenye tumbo huja mbio."

"Huja mbio kwa sababu hana akili."

Hakucheka. Alikuwa akipapasa goti lake. "Lakini Mwanahawa, mimi nitakulaje, na wao wamenikodolea macho? Wametolewa kwao, wamewekwa ugenini, hata pa kukimbilia hawana. Nitafune tu, nitafune, na wao wananitazama?" Kisha akainuka. "Nakwenda kwa Bwana Samaki sasa hivi. Wewe huwezi kubeba langu."

"Kaa, Ami. Ukienda leo atakuondoa wewe, na maji bado meupe. Yatakate kwanza."

Bwana Samaki alipofika alimkuta mama ameinama juu ya tangi. Akamuuliza kama amepata. Mama akasema amepata.

"Ni nini?"

"Futari."

"Futari ya nani?"

"Ya mtu mkarimu."

"Nipe jina."

"Jina halitasafisha maji, bwana. Nipishe mwanga."

Nimekutana na watu wengi wenye vyeo tangu siku ile. Sijasikia mtu akiambiwa "nipishe mwanga" kwa adabu kama ile, wala sijaona mtu akipisha haraka vile.

Siku tatu tulifanya kazi. Kila asubuhi mama alilaza gazeti juu ya maji na kuondoa utando. Aliuongeza upepo wa mpira mara mbili zaidi. Kisha tulinyonya uchafu wa chini kwa mpira mwembamba, na kwa kuwa mpira huo ulihitaji kuvutwa kwa mdomo kwanza, na mama alikuwa amefunga, mvutaji nilikuwa mimi. Nilimeza maji machafu zaidi ya mara moja. Sijawahi kuona fahari kama ile. Saumu yangu iliyovunjika ilikuwa imepata kazi. Kila siku tulitoa theluthi ya maji na kurudisha mengine ya nje ya mwamba, debe kwa debe, yaliyoletwa na mtumbwi wa binamu yake mama, maji yakiwa yamejaa. Mama aliyamimina juu ya kiganja chake ili yasiwashtue samaki. Chini ya tumbawe alikuta kokwa nne za tende. Alisikia viatu vya Bwana Samaki mlangoni, akazifunga katika pindo la khanga kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukaendelea kumimina.

Kitatange mmoja alikufa. Mama alimtoa kwa kitambaa, asimtazame sana.

Alhamisi asubuhi nilikimbia kumtangulia mama. Nikasimama mlangoni pa bohari. Ng'ambo ya maji, nyuma ya matumbawe na vitatange wawili, kalenda ilikuwa ukutani, na herufi zake zilisomeka. Nikazisoma zote kwa sauti, jina la mwezi na siku zake, kama anayesoma mbele ya darasa. Bwana Samaki alikuja akasimama nyuma yangu, na nilipomaliza akazisoma na yeye, kimyakimya, midomo ikicheza.

Mama alikuwa ameshika ufagio. Bwana Samaki akamsogelea.

"Mama, nilikukosea. Naomba radhi."

"Nimesikia, bwana," mama akasema. "Lakini uliniambia barazani, mbele ya watu. Radhi nayo itokee barazani."

Nilidhani dunia itapasuka. Bwana Samaki alivuta pumzi, akatoka nje, akapiga makofi. Karani akaja. Wavuvi wakaja, na yule wa kanzu za Idi pia. Mzee Mbwana alikuwa bado hajaondoka lindoni.

"Ndugu zangu. Jumamosi nilisema hapa kwamba Ndugu Mwanahawa ameharibu mali ya umma. Nilisema uongo, kwa sababu sikujua nikadhani najua. Maji yametakata, na aliyeyatakasa ni yeye. Kuanzia leo, ufunguo wa chumba kile ni wake, na tangi lile mtunzaji wake ni yeye. Anayetaka kujua habari za samaki hai, amuulize yeye kwanza."

Ndugu Mwanahawa. Nilikuwa nimelisikia neno hilo kila siku redioni na shuleni, likipewa kila mtu bure. Siku ile lilitua juu ya mama yangu likakaa kama leso mpya. Hakutabasamu. Aliweka ufagio ukutani, akapokea ufunguo kwa mikono miwili.

Mzee Mbwana akajitokeza mbele. Mama alimtikisia kichwa, lakini mzee hakumtazama.

"Bwana, mkarimu mwenyewe ni mimi. Ni mimi niliyekuwa nikiwakaribisha."

"Ukiwakaribisha akina nani?"

"Samaki. Kila magharibi. Muhogo, tende, siku moja na kaimati."

Baraza ililipuka. "Babu kafuturisha bunju!" mvuvi akapiga kelele, akishika mbavu. "Bunju kafunga, jamani! Sisi huku tunakula mchana, bunju kafunga!"

Bwana Samaki peke yake hakucheka. "Lakini wale ni samaki, mzee."

"Na macho wanayo, bwana."

"Kwetu ziwani," Bwana Samaki akasema polepole, kana kwamba anajieleza mwenyewe, "mtu akipita tukiwa tunakula, tukamwacha apite, mama yangu husononeka mpaka kesho." Akatazama viatu vyake vilivyochafuka. "Nenda kapumzike, mzee. Jioni uko lindoni kama kawaida."

Wakubwa walikuja kesho yake, wakasimama mbele ya kioo, wakauliza maswali, na mama akayajibu, sauti yake ileile isiyopanda. Sikumbuki nyuso zao. Ninachokumbuka ni jioni ya Alhamisi.

Mama alinituma na sahani ya Mzee Mbwana, muhogo wa nazi, mzito, umefunikwa kawa. Alinikabidhi na ufunguo wa kufungia bohari usiku. Nilimkuta boharini akimaliza kuujaza upepo mpira wa tairi. Maji yalikuwa yakisukutua, safi. Aliketi juu ya kreti, akaipokea sahani magotini, akafunua kawa kwa mazoea. Adhana ikatoka. Akashika tende.

Bunju alikuja. Alitua mbele ya kioo, akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga.

Mzee Mbwana alirudisha tende kwenye sahani. Aliinuka kwa tabu, akaifunika sahani kwa kawa na mkono juu yake, kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Akasogea mpaka kwenye kioo, akainama.

"Mniwie radhi, jamani," akasema. "Hii si tabia yangu."

Kisha akatoka nje na sahani yake, akauvuta mlango nyuma yake, taratibu, mpaka ukafungika.